Taa ya tangi la matumbawe: katikati yanapauka, pembeni yanageuka kahawia

Pwani_Shangani

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo yenu kuhusu taa kabla sijatoa hela.

Tangi lipo mapokezi, kwenye nyumba ya wageni hapa Shangani, Mtwara. Urefu sentimita 120, upana 60, kina 50. Ukitoa mawe na mchanga, maji yenyewe ni kama lita 300. Limetimiza miezi kumi na moja. Ndani kuna Sinularia mbili, Zoanthus kwenye jiwe la mbele, Euphyllia ya vichwa vitano katikati kabisa, na vipande vinne vya Montipora, viwili kila mwisho wa tangi. Vyote ni vipande vya kukuzwa, vimekuja na karatasi zake.

Wiki tatu zilizopita taa ilibadilishwa. Sasa kuna sanduku jeusi moja la LED, lile linaloandikwa wati 165, lenzi za nyuzi 90, linaning'inia sentimita 20 juu ya maji. Chaneli ya nyeupe ipo asilimia 80, ya bluu 80. Inawaka saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Euphyllia imenywea, ncha zake zimepauka. Montipora zilizokuwa zambarau zimekuwa kahawia, rangi ya karafuu kavu.

Vipimo vya maji: nitrati 10, fosfeti 0.06, alkali dKH 8.2, kalsiamu 420, chumvi 35. Joto asubuhi 26.5, jioni 29.4. Programu ya simu inasoma lux 14,000 juu ya maji katikati.

Maswali yangu: nipunguze mwanga au niongeze? Kuna mtu anauza taa mbili za metali halaidi za wati 250 zilizotumika, je, zinafaa? Na fundi mmoja anashauri taa nyeupe za ukutani za LED, zile za fensi, wati 100, kwamba zinatosha na ni rahisi. Lengo la mbele ni Acropora, tumbawe gumu linalotaka mwanga mkali zaidi.

Mwamba_Mikindani

Salama mkuu. Jibu limo ndani ya maelezo yako mwenyewe. Katikati panaungua na pembeni pana giza, chini ya taa ileile, siku ileile. Hapo huna taa kali wala taa hafifu, una taa isiyotawanyika. Ukipunguza, Montipora zitazidi kuwa kahawia. Ukiongeza, Euphyllia inakufa. Kwenye taa za matumbawe shughulikia mtawanyo kwanza, nguvu baadaye.

Usiku huu, kabla ya kununua chochote: shusha nyeupe hadi 15 na bluu hadi 45. Punguza saa kutoka 12 hadi 9. Euphyllia ishushe kwenye mchanga, isogee kama sentimita 30 kutoka katikati, isiwe kwenye njia ya pampu moja kwa moja. Usiiguse tena kwa wiki mbili. Tumbawe lililojeruhiwa na mwanga halafu likahamishwa kila siku tatu halipati nafasi ya kujizoesha na hali yoyote.

Sasa hesabu ya mtawanyo. Lenzi ya nyuzi 90 inafungua mwanga hivi: kila sentimita unayopandisha taa, mwanga unaongezeka upana sentimita mbili, moja kila upande. Pima kwa rula ile sehemu yenye balbu ndani ya sanduku, siyo boksi zima. Kwa masanduku ya aina hiyo huwa ni kama sentimita 30 kwa 12. Ukiwa juu sentimita 20, mwanga unagusa maji ukiwa na urefu wa 30 + 40, yaani 70. Tangi lako ni 120. Sentimita 25 kila upande zinaambulia mabaki, na humo ndimo zilimo Montipora. Tena miale ikiingia majini inapinda kuelekea chini, kwa hiyo usitegemee itawanyike huko ndani kama inavyotawanyika hewani.

Utauliza kwa nini usilipandishe tu hadi 45. Urefu utajaa, 30 + 90 ni 120 kamili, lakini kwa upana utakuwa na 12 + 90 = 102 juu ya tangi la 60. Sentimita 21 mbele na 21 nyuma zinamwagika sakafuni na kwenye macho ya wageni waliokaa mapokezi, na umeme unaulipia wote.

Masanduku mawili ndiyo dawa. Moja liwe kwenye sentimita 30 kutoka kushoto, lingine kwenye 90, yote mawili sentimita 25 juu ya maji. Kila moja linafunika 80 kwa 62. Yanapishana sentimita 20 katikati, yanafika mpaka kwenye kioo cha mwisho, na upana unaenea bila kumwagika. Kisha yote yanafanya kazi kwa nusu ya nguvu yake, jambo linalorefusha maisha ya balbu na diraiva, kile kifaa kinacholisha LED umeme.

Kuhusu lux. Lux ni kipimo kilichotengenezwa kwa jicho la binadamu, na jicho letu linaona zaidi kijani, karibu na nanomita 555. Bluu ya 450, ambayo ndiyo chakula cha tumbawe, kipimo cha lux kinaipuuza karibu yote. Kwa hiyo 14,000 yako haiwezi kugeuzwa kuwa PAR kwa kuzidisha wala kugawanya. PAR ndiyo inayohesabu mwanga wote kati ya nanomita 400 na 700, kwa maikromoli kwa mita mraba kwa sekunde. Malengo ya kufanyia kazi, yakipimwa pale tumbawe linapokaa na siyo juu ya maji:

Sinularia na Zoanthus 50 hadi 120. Euphyllia 80 hadi 150. Montipora 150 hadi 250. Acropora 200 hadi 350.

Hata hivyo simu yako bado ina kazi. Usiamini namba, amini uwiano. Taa ikiwa ni ileile na chaneli hazijabadilishwa, kosa la simu ni lilelile kila mahali, kwa hiyo linajifuta ukilinganisha sehemu na sehemu. Weka simu kwenye mfuko angavu usiopitisha maji, ifunge juu ya kipande cha bomba la plastiki, kioo kikiangalia juu na kikiwa sawasawa kama sinia. Weka programu irekodi yenyewe, maana kidole hakifanyi kazi majini. Pima nukta tisa kwenye usawa wa mchanga: tatu mbele, tatu katikati, tatu nyuma. Ya katikati ihesabu kuwa 100, nyingine ziandike kama asilimia yake. Zilete hapa.

Pwani_Shangani

Asante sana mkuu. Nimefanya jioni hii. Katikati 100. Robo ya urefu, kushoto na kulia, 44 na 47. Pembe nne: 8, 9, 11, 9. Katikati mbele na katikati nyuma 58 na 61. Sikutegemea pembe kuwa chini hivyo, kwa jicho panaonekana pana mwanga wa kutosha.

Mwamba_Mikindani

Jicho linafungua mboni lenyewe, ndiyo maana linadanganya. Pembe zina sehemu moja ya kumi na moja ya katikati. Hata katikati ikiwa 350, pembe hazivuki 40, na Montipora haiwezi kubaki zambarau hapo. Masanduku mawili yakikaa vizuri, lengo ni pembe zisishuke chini ya 40 kwa 100.

Metali halaidi nitamwachia fundi wa Lindi aizungumzie upande wa umeme. Kwa upande wa matumbawe ni taa nzuri kweli, mtawanyo wake ni mpana. Ila balbu inapoteza nguvu na kubadilika rangi, inapaswa kubadilishwa kila baada ya miezi 10 hadi 12, na zako zimetumika kwa muda usioujua.

Taa za fensi: tumbawe litaishi, tena litakua. LED nyeupe ni balbu ya bluu ya karibu 450 iliyopakwa unga wa njano, kwa hiyo chakula kipo kidogo. Lakini chini ya 430 hakuna kitu, na kati ya 470 na 500 kuna shimo. Vimwani vinavyoishi ndani ya nyama ya tumbawe vinafanya kazi kwa klorofili a, klorofili c2 na peridinini, ambazo zinakula zaidi kati ya 400 na 500. Na zile protini zinazong'aa kijani, waridi na chungwa zinahitaji kupigwa na bluu na urujuani ndipo zitoe rangi. Chini ya nyeupe tupu utaona kahawia ya vimwani tu, kwa sababu njano na nyekundu zinafunika kila kitu, na mwani wa kijani utatanda kwenye kioo. Ukizamia Msimbati mita kumi, nyekundu karibu yote imeshaishia juu, kilichobaki zaidi ni bluu. Huko ndiko macho ya tumbawe, kama lingekuwa nayo, yalikozoea.

Ukinunua sanduku la pili, angalia orodha ya balbu. Unataka nyingi za 450, chache za 470, angalau moja kati ya kila kumi iwe ya 400 hadi 420, na nyeupe zisizidi theluthi. Nyekundu na kijani mbilitatu zinatosha kwa ajili ya macho ya wageni.

FundiDiraiva_Lindi

Habari ndugu wa Shangani. Upande wa umeme na joto ni huu.

Sanduku la "165" lina balbu 55 za wati 3 kwa maandishi. Hazipelekwi kwenye nguvu kamili, kwa hiyo ukutani linavuta karibu wati 110 hadi 130. Mawili kwa nusu ya nguvu ni kama wati 120 jumla. Mara saa 9 ni uniti 1.08 kwa siku, kama 32 kwa mwezi. Metali halaidi ya 250 pamoja na balasti yake inavuta karibu 280. Mbili, saa 9, ni uniti 5 kwa siku, 150 kwa mwezi. Zidisha mwenyewe kwa bei ya uniti kwenye risiti ya LUKU.

Hiyo ni nusu ya hasara. Halaidi inapiga joto chini, ndani ya maji. LED inatupa joto lake juu, kupitia bati la alumini. Jioni tayari uko 29.4. Ukifunga halaidi mbili hapo, unalazimika kununua chila, mashine ya kupoza maji, na chila nayo inakula umeme na kutema joto palepale mapokezi. Kwa Mtwara na Lindi sioni sababu.

Joto la sasa lishushe kwa feni. Feni mbili za kompyuta za volti 12, sentimita 12, zipulize mshazari juu ya uso wa maji. Kila lita inayovukizwa inaondoa joto linalolingana na karibu uniti 0.67 ya umeme, kwa hiyo hata joto la taa zako zote lingeingia majini, lita moja na nusu hivi ya kuvukiza ingelibeba. Tegemea kushuka nyuzi 2 hadi 3 wakati wa kusi, hewa ikiwa kavu. Kuanzia Desemba mpaka Aprili mvua zikiwepo hewa imejaa unyevu, feni ileile itakupa nyuzi 1 au moja na nusu. Weka kidhibiti cha joto kiwashe feni kwa 27 na kuzima kwa 26.3, isije ikapuliza usiku kucha.

Maji yanayopungua ni maji matupu, chumvi inabaki. Fidia kwa maji yaliyochujwa kwa RO, ule mtambo wa utando unaoondoa chumvi, au yaliyokenekwa. Maji ya mvua yaliyopita kwenye bati yana zinki. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi yamegusa mabomba ya shaba, na shaba inaua matumbawe na kamba kwa kiasi kidogo sana. Mapokezi mengi yana kiyoyozi na ndoo chini yake, watu wanaona ni maji safi ya bure. Usiyaguse.

Taima. Hapa ndipo watu wanapotea. Taima ya kuzungusha kwa mkono inasimama umeme ukikatika. Ukikatika kwa muda wa saa tatu, taima inachelewa kwa saa tatu, na kesho taa itawaka mpaka usiku wa manane bila mtu kujua. Tumia ya dijitali yenye betri ndani. Na ukiiandika, kumbuka inahesabu saa 24: saa nane mchana ni 14:00, siyo 08:00. Kosa hilo limewasha taa nyingi alfajiri.

Mambo mengine ya hapa pwani: kabla ya taa weka kile kifaa cha kulinda friji, kinachokata umeme ukipanda au kushuka na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Diraiva nyingi hufa dakika umeme unaporudi, siyo unapokatika. Weka breka ya kuvuja umeme ya miliampia 30 kwa tangi zima. Waya wa taa ushuke chini ya soketi kwanza kisha upande, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi. Matundu ya hewa ya sanduku yazibe kwa wavu mwembamba wa plastiki, upigwe brashi kila mwezi. Mijusi kafiri hupenda joto la humo ndani, na mmoja akilala juu ya pini za diraiva anatosha kuiunguza. Na uikague feni ya sanduku kwa sikio kila wiki. Ikianza kukwaruza, badilisha, ni ya volti 12 ya kawaida. Ikisimama, balbu zinajipika taratibu na kufifia.

Kusi_Kilwa

Naomba nipingane kidogo na wakuu. Masanduku mawili bado ni nukta mbili za mwanga. Montipora ya bamba ikikua itajifunika yenyewe, na upande wa chini utakufa kwa kivuli chenye kingo kali. Tyubu za T5 zinamimina mwanga kutoka urefu wote wa tangi. Tyubu mbili za sentimita 120, wati 54 kila moja, moja mbele ya LED na nyingine nyuma, zinamaliza tatizo la pembe na la vivuli kwa pamoja. Katika tangi la upana wa 60 hiyo ndiyo ningeifunga.

Mwamba_Mikindani

Kuhusu vivuli uko sahihi ndugu yangu, na kama tyubu za matumbawe zingekuwa jambo la kuingia dukani na kuchukua, ningekubali bila ubishi. Lakini T5 inataka tyubu mpya kila miezi 9 hadi 12, na lazima ziwe za bluu. Zile nyeupe za ofisini, za 6500K, zitaturudisha kwenye taa ya fensi. Mtu asiye na uhakika wa kuzipata asijenge tangi lake juu yake. Badala yake, Montipora ya bamba ikatwe ikifikia upana wa kiganja, na pampu ya mawimbi ipige uso wa maji utikisike. Maji yanayotikisika yanatawanya miale kila sekunde, vivuli havikai mahali pamoja.

Pia kifuniko. Kama kuna kioo au akriliki kati ya taa na maji, kivue. Kikiwepo, ukungu wa chumvi unajenga utando mweupe usioonekana ukiwa umesimama mbele. Pitisha kidole utausikia unakwaruza kama unga wa chokaa. Utando huohuo unakaa kwenye lenzi. Futa kwa kitambaa laini chenye maji matamu, taa ikiwa imezimwa na imepoa, kila wiki. Ukisahau miezi miwili kisha ukasafisha siku moja, umelipiga tumbawe mwanga mpya kwa ghafla. Siku hiyo shusha asilimia kumi, urudishe taratibu.

Dada_Mchinga

Habari zenu. Mmezungumza taa vizuri, mimi niongeze upande wa tumbawe lenyewe, maana Euphyllia bado haijapona.

Kwanza hakikisha ni kupauka na siyo kufa kwa nyama. Zima pampu, subiri dakika tano, angalia kwa kioo cha kukuzia. Likiwa limepauka, nyama ipo, ni angavu kama kioo chenye maziwa kidogo, na unaona mfupa mweupe kupitia ndani yake. Usiku ncha bado zinatoka. Kama nyama inakufa, utaiona imerudi nyuma kutoka kwenye ukingo wa mfupa, vijimeno vya mfupa vimebaki wazi, vikavu, na ndani ya siku chache vinashika utando wa kijani. La kwanza ni mwanga na joto, linatibika. La pili tafuta sababu nyingine: alkali iliyoyumba, mkondo mkali, wadudu. Hapo kuchezea taa hakusaidii.

Mwanga na joto hufanya kazi pamoja. Vimwani vikipata mwanga mwingi kuliko vinavyoweza kuutumia, vinatoa oksijeni yenye sumu ndani ya nyama, na joto linashusha ule mpaka wa "mwingi". Tumbawe linavitoa nje ili lijiokoe. Ndicho kilichotokea mwaka 1998 pwani nzima ya Tanzania, bahari ilipopata joto na matumbawe mengi yakapauka na kufa. Kwa hiyo mwanga wa 200 unaovumilika kwenye maji ya nyuzi 26 unaweza kuunguza kwenye 30. Shusheni joto kabla ya kupandisha taa, siyo baadaye.

Lililopauka limepoteza mpishi wake, kwa hiyo lishe kwa mkono. Uduvi mbichi, siyo ule mkavu wa chumvi, suuza kwa maji ya RO, katakata uwe mdogo kuliko punje ya mchele, weka kipande kimoja kila kichwa mara mbili kwa wiki, taa zikiwa zimezimwa na pampu zimesimama dakika ishirini. Kikitemwa, usirudie siku hiyo.

Rangi vilevile zinategemea lishe iliyomo majini. Nitrati yako 10 na fosfeti 0.06 ni mahali pazuri. Msije mkasikia "maji safi" mkazishusha hadi sifuri. Mwanga ukiwa mkali na lishe ikiwa sifuri, Acropora inakuwa na rangi ya maji ya sabuni, na dinoflajeleti, ule utando wa kahawia wenye viputo na nyuzi za kamasi, unaingia. Upande wa pili, nitrati ikivuka 20 na fosfeti ikivuka 0.15, vimwani vinaongezeka na kila kitu kinakuwa kahawia hata chini ya taa bora. Watu wanabadilisha taa mara tatu wakati kosa liko kwenye chakula cha samaki.

Na la mwisho kwa wanaosoma wakiwa Mtwara: matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na eneo la Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Kuvunja kipande pale Msimbati maji yakiwa yamekupwa ni kosa la jinai. Mwenzetu amefuata vipande vya kukuzwa vyenye karatasi, na ndivyo inavyotakiwa.

Pwani_Shangani

Shukrani dada, shukrani wakuu wote. Ni kupauka, nyama ipo kwenye vichwa vyote vitano, nimeangalia. Sanduku la pili limeagizwa, lina chaneli mbili, balbu sita za 410. Feni zinafungwa kesho. Naomba ratiba ya kupandisha, na kama inawezekana wageni waone tangi likiwaka jioni.

Mwamba_Mikindani

Jioni ni bora hata kwa matumbawe, maana saa za joto kali la mchana taa inakuwa bado chini. Tumbawe halijali jua la nje liko wapi, mradi ratiba isibadilike. Angalieni tu jua halisi lisiingie dirishani likapiga tangi. Hapa kwetu jua linapita utosini siku za ishirini za Februari na za Oktoba, na pembe ya dirisha la magharibi inabadilika mwaka mzima. Pazia ambalo halikuhitajika Julai litahitajika Desemba.

Ratiba, kwa saa 24 za taima: bluu ianze 12:30 kwa asilimia 10, ipande polepole. Kilele kianze 15:30 hadi 20:00. Kisha ishuke, 21:30 giza kamili. Kama sanduku lako halina kupandisha polepole, tumia taima mbili: bluu 12:30 hadi 21:30, nyeupe 15:00 hadi 20:00. Mwanga wa mbalamwezi usiku kucha sikushauri, uwashwe nusu saa kwa ajili ya wageni kisha uzimwe.

Nguvu, masanduku yote mawili yakiwa 25 juu ya maji: wiki ya kwanza kilele bluu 30, nyeupe 8. Hiyo ni chini ya ulichonacho sasa kwa kila sanduku, lakini sasa ni mawili na yanapishana katikati, na pembe zinapata mwanga ambao hazijauona. Kila wiki ongeza bluu asilimia 5 na nyeupe 2, siku ileile ya wiki, baada ya kupima joto. Kama jioni imevuka 28, wiki hiyo usiongeze. Simama bluu ikifika 55 na nyeupe 18. Hapo Montipora zikiwa kwenye jiwe la usawa wa kati zitakuwa ndani ya kiwango chake, na Zoanthus na Euphyllia zikae chini mchangani.

Angalia kingo za Montipora. Ukingo unaokua ni mweupe mwembamba kama uzi, huo ni uhai. Weupe ukianzia katikati ya bamba, upande unaotazama taa, rudi hatua moja nyuma na ukae hapo wiki mbili. Kahawia itaondoka taratibu, kwa kawaida wiki sita hadi kumi. Zambarau hutangulia kwenye kingo.

Acropora isubiri. Euphyllia ifungue vichwa vyote, Montipora zirudishe rangi, alkali isiyumbe zaidi ya 0.5 kwa mwezi mzima. Kisha weka kipande kimoja tu, mchangani kwa wiki mbili, halafu kwenye jiwe la kati, mwisho juu, sentimita 15 chini ya uso wa maji. Kabla ya kukipandisha huko juu tafuta kipimo halisi cha PAR hata cha kuazima siku moja, kiwe cha masafa kamili kinachosoma bluu sawasawa, kama Apogee MQ-510. Uwiano wa simu unakuonyesha pembe na katikati, ila hauwezi kukuambia kama juu pale ni 250 au 500.

Sanduku la pili likifika, kabla ya kuwasha wiki ya kwanza, pima tena nukta zilezile tisa kwa simu, chaneli zikiwa zimewekwa sawa kwenye masanduku yote mawili. Pembe zikiwa bado chini ya 40, pandisha yote mawili sentimita tatu tatu na upime upya.